Mama, Hamu Yako Imekwenda Wapi?

Kama una mtoto wa kunyonya, mnyonyeshe huku unasikiliza. Kama una samaki motoni, mgeuze kwanza, nakungoja.

Leo sizungumzii chanjo wala kuhara. Nazungumzia maneno ninayoyasikia sana nikivuka kutoka Bodo kwenda Funzi kikazi: "Sista, sina hamu." Si hamu ya chakula. Ni hamu ya kufanya jambo la kujiendeleza. Alikuwa akisuka ukili, ameacha. Alitaka kuingia katika chama cha wenzake, haendi. Alitaka kujifunza kusoma, anasema umri umempita.

Mama mmoja alikuja na mtoto wa miezi minne. Alifuatana na mama mkwe, ambaye alinieleza mbele yake: "Huyu amekuwa mvivu, sista. Zamani maji yakipwa alikuwa wa kwanza kushuka ufuoni kutafuta pweza. Siku hizi ni kulala tu." Binti akainamisha kichwa. Nikavuta kope lake la chini, nikaona ndani kweupe kama tui. Tulipopima, damu ilikuwa 8.4. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi, na mjamzito 11 au zaidi. Mama yule hakuwa mvivu. Alikuwa akiteka maji, akipika na kunyonyesha kwa damu hiyo hiyo kidogo. Mtu kama huyo ukimwambia ajipe moyo, unamwonea.

Kwa hivyo mama, kabla hujajilaumu, pima damu. Huku kwetu pwani kuna malaria, kuna safura inayoingia kwa kukanyaga mchanga mchafu bila viatu, na kuna mimba zinazofuatana kabla mwili haujapumzika. Ukichoka upesi, moyo ukakwenda mbio ukipanda ngazi ya boti, ukaona kizunguzungu au ukatamani kula udongo, usikae nyumbani. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, vimeze mpaka uambiwe basi, hata ukijisikia umepona. Vikikuchafua moyo, meza jioni baada ya chakula. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vile vidonge. Kula mchicha, kunde, samaki, dagaa, na maini ukijaliwa, kisha kamulia ndimu, maana ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake, inayazuia. Iache kama saa moja baada ya chakula au vidonge. Najua mahamri bila chai ni adhabu, lakini vumilia.

Pengine damu ni nzima na hamu bado haipo. Mama aliyejifungua juzi anaweza kulia ovyo siku chache za mwanzo, na hilo hupita. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, ukakosa usingizi hata mtoto akilala, ukamtazama mtoto wako kama wa jirani, au ukafikiri afadhali usingekuwepo, huo ni ugonjwa. Si ubaya wa moyo, wala si kukosa shukrani. Una matibabu, na zipo dawa zinazoweza kutumika hata unaponyonyesha. Nyumbani wakisomeni dua, na dua ni njema, lakini kituo cha afya pia mwende. Na kama yale mawazo ya kufa yanakujia, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako, na mfike hospitali.

Sasa tuseme mwili ni mzima na moyo si mgonjwa, ila siku zinafanana tu: kuni, maji, jikoni, nepi. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunangoja hamu ije kwanza, ndipo tuanze. Mimi mwenyewe nilipomaliza diploma ya uuguzi niliapa kuendelea na masomo. Vitabu vilikaa juu ya kabati miaka mitatu, panya wakavianza kabla yangu. Nilikuwa nangoja nijisikie. Siku moja nikasoma ukurasa mmoja nikisubiri wali ukauke. Kesho yake tena. Wiki ya pili ilipoisha nikajikuta naungoja ule wali kwa ajili ya kitabu. Wanaotibu ugonjwa wa huzuni wanaijua njia hii: humwomba mgonjwa achague jambo moja dogo, alipangie wakati, na alifanye hata kama hana raha nalo. Raha hufuata nyuma taratibu.

Nikupe mfano wa mkunga mwenzangu, ingawa mimi kwake ni mtoto mdogo. Bi. Priscilla Sitienei wa Ndalat, kule Bonde la Ufa, alizalisha kina mama kwa miaka zaidi ya 60 bila kujua kusoma. Mwaka 2010, akikaribia miaka 90, alijiunga na shule ya msingi, akavaa sare, akakaa darasani na vitukuu vyake. Baadhi ya wanafunzi wenzake aliwazalisha yeye mwenyewe. Alitaka kuandika ujuzi wake wa ukunga na wa miti shamba ili wengine waupate. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado ni mwanafunzi. Ukiniambia umri umekupita na una miaka 32, nitakucheka kidogo.

Turudi kwa yule binti. Aliporudi baada ya wiki sita, damu ilikuwa imepanda na uso umechangamka. Nikamuuliza anatamani nini. Akasita, akasema anataka kukisoma kitabu cha mama na mtoto yeye mwenyewe. Kila kliniki alikuwa akimwomba mtoto wa jirani amsomee, na mtoto yule akienda kucheza, yeye hajui hata tarehe ya kurudi. Hatukuanza na kitabu kizima. Tulianza na namba, zile za uzito wa mwanawe.

Wewe jambo lako unalijua. Lifanye dogo hata uone haya kulitaja, kisha lifunge kwenye kitu unachokifanya tayari. Watu wa Funzi hawahitaji saa ya ukutani. Maji yakipwa mko ufuoni, yakijaa mko nyumbani. Basi maji yakijaa, robo saa ni yako: kuandika jina, kusuka mstari mmoja wa ukili, kushona. Siku ikikuponyoka, iache iende, anza ijayo. Na mtafute mwenzako. Kina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani hufunga vipande vidogo kwenye kamba, wakangoja kama wiki sita ndipo wavune, na kwa mtu mmoja kungoja huko kunachosha mno. Ukiweza kufika kwenye darasa la watu wazima, lile tunaloliita ngumbaru, nenda na shoga yako ili mmoja akilegea mwingine amvute.

Nanyi kina mama wakwe, nawaheshimu sana. Nawaomba kitu kimoja: mchukueni mtoto robo saa hiyo, na msimwite mama yake mvivu kabla hajapimwa damu. Kina baba mnaosikiliza kwa chati, ombi hilo ni lenu pia.

Siku ya kliniki njoo na kitabu cha mtoto, hata kama karatasi zimelowa kwenye boti. Yule binti juzi alikifungua chake, akaweka kidole pale panapoandikwa uzito, akasoma taratibu: saba, nukta, mbili. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu neti na namna ya kuifua bila kuiharibu.