CD ya gemu ikikwaruzika, kampuni ikupe nyingine?

Kwa mwenye kibanda cha gemu pale Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, CD ya mpira ikianza kustaki maana yake wateja wanaondoka na hela zao. Kupata nyingine ni kupanda boti hadi Kibirizi, Kigoma mjini, kununua, kisha kurudi nayo ziwani ikiwa kwenye begi pamoja na mazagazaga mengine.

Je, kama aliilipia bei kamili, kampuni ya gemu imbadilishie?

Jibu linaanza na nani kaikwaruza.

Mashine husoma CD kwa mwanga wa leza unaopita kwenye plastiki ya upande wa chini. Mchubuko mdogo wa juu juu husafishika, kwa sababu data haipo pale, ipo ndani zaidi. Kwenye DVD, ambazo gemu nyingi za PS2 zilitumia, data ipo katikati, milimita 0.6 ndani. Blu-ray za PS3 na PS4 zina ganda gumu, lakini data yake ipo milimita 0.1 tu kutoka juu. Mkwaruzo ukifika hapo, hakuna dawa ya meno itakayosaidia.

Mkwaruzo unaozunguka kama duara ndio mbaya zaidi, na mara nyingi hausababishwi na mtoto. Husababishwa na mashine kutikiswa wakati CD inazunguka.

Hapo ndipo Microsoft ilipobanwa. Wamiliki wa Xbox 360 nchini Marekani walidai mashine hiyo inakwaruza CD hata ikitikisika kidogo. Kampuni ilijibu kwamba waliolalamika ni asilimia 0.4 tu ya wamiliki, na kwamba tatizo ni matumizi mabaya. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2017, lakini uamuzi ulihusu utaratibu wa kukata rufaa tu. Nani mkosaji, mahakama hiyo haikusema.

Hata hivyo, Microsoft iliwahi kubadilisha CD zilizoharibika kwa dola 20, kwa gemu ilizozitoa yenyewe.

Utaratibu wa namna hiyo ndio wa haki, ila bei ndiyo ya kujadili. Kampuni zenyewe husema hukununua gemu, umenunua ruhusa ya kuicheza. Sawa. Basi iliyokwaruzika ni plastiki, ruhusa bado ipo. Mteja arudishe CD mbovu, alipie plastiki mpya na usafirishaji, siyo gemu nzima upya. Aliyeikwaruza mwenyewe hana sababu ya kupewa bure, lakini kama ni mashine iliyoila, kampuni ya mashine ndiyo ilipe.

Kwa Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inakupa pa kuanzia: bidhaa inapaswa kuwa na ubora unaofaa kuuzwa. Anayedaiwa kwanza ni muuzaji wa dukani, siyo kampuni iliyoko Japani. Ukiuziwa CD ambayo tangu mwanzo haisomi, rudi kwake na risiti. Akikugomea, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Mkwaruzo ulioupata nyumbani baada ya miezi sita ni habari nyingine.

Sasa ukweli mchungu. CD nyingi za vibandani ni za kuchoma. Hapo huna cha kudai kwa kampuni, maana haikukuuzia kitu. Na hata mwenye CD halisi asisahau kwamba masharti ya gemu nyingi yanaruhusu kucheza binafsi, siyo kuchaji watu kwa mechi.

Wengine watasema dawa ni kupakua, CD ziishe kabisa. Wameshawahi kupakua gemu ya GB 50 kwa bando la simu?

Kwa hiyo ukiwa Kigoma, mwambie muuzaji aiweke CD kwenye mashine mbele yako, mcheze hata dakika chache, na risiti uondoke nayo. Safari ya boti iwe kwenye kasha lake gumu. Ukiifuta, tumia kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Na mashine iwe mezani, isitikiswe hata goli likiingia.