Shangi Hakingoji Bei

Kiazi cha shangi kikishang'olewa hakikai. Usingizi wake ni mfupi kuliko wa aina nyingi za viazi: wiki chache tu, macho yanachipua. Kikianikwa kwenye mwanga hugeuka kijani huku solanini, sumu chungu, ikiongezeka ndani yake. Mabroka wanaofika Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, wanalijua hilo vizuri. Mkulima asiyejua Marikiti ya Nairobi imeamkia bei gani hana la kusema ila "haya, pakia."

Kuitafuta bei kuna gharama yake, jambo ambalo mwanauchumi George Stigler alilieleza mwaka wa 1961, na mwenye magunia matatu huumia zaidi ya mwenye mia tatu. Mwanauchumi mwingine, Robert Jensen, alipima faida ya kuijua bei kwa wavuvi wa Kerala, India, ambako mitandao ya simu ilianza kufika mwaka wa 1997. Wakiwa bado majini, walipiga simu wakachagua pwani ya kuuzia. Faida yao ikapanda kwa takriban asilimia 8, mlaji naye akapunguziwa takriban asilimia 4, na samaki wa kumwagwa wakaisha.

Simu ya Timau leo inafanya zaidi ya hapo. Unapiga picha viazi vichache kiganjani, mnunuzi aone ukubwa, unaituma WhatsApp, na kabla ya gunia kushonwa unadai: "Tuma nusu kwanza." M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, ndiyo iliyowezesha watu wasiojuana kufanya biashara hivyo.

Lakini picha haina uzani. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Magunia ya kushindiliwa hayajakoma. Na magunia matatu hayajazi lori la Canter. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya China na kuchapishwa mwaka wa 2021 uligundua kwamba biashara ya mtandaoni ilipofika huko, iliwanufaisha zaidi baadhi ya wanakijiji walionunua bidhaa mtandaoni. Mapato ya wauzaji hayakusogea sana. Sishangai. Tangazo halibebi mzigo.

Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza ya kikundi cha majirani isiende kwenye tovuti. Iende kwenye ghala la pamoja lenye giza, ubaridi na hewa ya kutosha, na mizani mlangoni. Hapo broka akitaja bei ya kutupa, mkulima ana siku kadhaa za kungoja jibu la mnunuzi mwingine, na mzigo wa majirani ukiunganishwa unatosha gari zima.