Giaboksi Ndogo na Milima ya Gusii: Uteuzi wa Gari la Magurudumu Manne

Anayetafuta gari la kuhimili barabara za Kisii na Nyamira aghalabu huuliza bei, ukubwa wa injini na kimo cha gari kutoka ardhini. Ni nadra kuulizia giaboksi ndogo, yaani kile kisanduku kilichofungwa nyuma ya giaboksi kuu ili kugawa nguvu za injini baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ilhali ni hicho kinachoamua iwapo gari lililopakia majani chai litaupanda mlima au litalala mtaroni.

Kaunti hizi mbili zimo katika nyanda za juu. Mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wake ni mwekundu, wa kina, wenye mfinyanzi mwingi. Barabara ya kutoka mjini Kisii kuelekea Keroka na Sotik ina lami, lakini njia nyingi za mashambani zinazochepuka kutoka kwayo hazina. Majani mabichi nayo hayangoji: yasipofika kiwandani siku hiyo hiyo, Kebirigo au Kiamokama, huharibika. Gari lilelile, basi, hukanyaga lami na utelezi katika safari moja.

Katika aina ya kwanza ya giaboksi ndogo, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari hadi dereva avute wenzo. Avutapo, propela shafti ya mbele na ya nyuma hufungamanishwa, zikazunguka kwa kasi moja. Ndivyo zilivyo Land Rover nyingi za kale na Toyota Land Cruiser nyingi za msururu wa 70. Ila yake hujitokeza konani, kwa kuwa magurudumu ya mbele husafiri masafa marefu kuliko ya nyuma. Tope huyaruhusu kuteleza na kuifidia tofauti hiyo, lami hairuhusu. Tairi huliwa, usukani huwa mzito, na meno ya gia hubanana hata wenzo ukakataa kurudi.

Aina ya pili ina difu ya katikati. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa nayo, na Land Rover One Ten ikaifuata mwaka 1983. Magurudumu yote manne husukuma daima, na difu hiyo huruhusu tofauti ya mwendo konani. Hata hivyo, gurudumu moja likikosa mshiko, nguvu hupotelea huko. Kwa hiyo dereva sharti aifunge difu kabla ya kuingia topeni, na kuifungua arejeapo lamini.

Kuna pia magari kama Toyota RAV4, ambayo nayo huitwa fowili japo hayana gia nzito. Neno moja limebeba vitu vitatu tofauti, na mnunuzi ndiye anayelipia utata huo.

Gia nzito ndiyo roho ya jambo lenyewe. Katika Land Rover Series III hupunguza mzunguko mara 2.35, katika One Ten, mara 3.32, na nguvu ya kusokota magurudumu huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Wengi huithamini wakati wa kupanda. Yamkini faida yake kubwa zaidi ni wakati wa kushuka na mzigo, kwani injini hulizuia gari polepole bila breki kupata moto wala magurudumu kujifunga na kuteleza. (Wanaoshuka gia ikiwa huru eti waokoe mafuta wanalitupa zuio hilo kwa hiari yao.)

Kwa anayevuka kila siku kutoka lamini hadi mashambani, aina ya pili inafaa zaidi. Anayeshinda kwenye udongo, akibeba labda mawe ya sabuni huko Tabaka, ataridhika na ya kwanza: ina vipuri vichache, na fundi wa jua kali huielewa upesi. Mnunuzi na aijaribu gia nzito kwenye mteremko wa udongo, kamwe si lamini.

Katika Land Rover hizo, breki ya mkono hushika propela shafti ya nyuma, wala si magurudumu yenyewe. Gurudumu la nyuma likiinuliwa kwa jeki mlimani, gari laweza kubingirika ijapokuwa breki imevutwa. Difu ifungwe kwanza kama ipo, na kila gurudumu linalobaki chini liwekewe jiwe.