Mpangamiji Hakamiliki kwa Tasnifu Peke Yake

Elimu ya mipangomiji nchini Tanzania ilianzia katika kituo cha mafunzo ya upimaji ardhi kilichofunguliwa mwaka 1956, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Chuo cha Ardhi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na hatimaye mwaka 2007 kikapata hadhi ya kujitegemea kwa jina la Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria tatu zinazoiongoza kazi ya mipangomiji hadi leo: Sheria Na. 6 ya mipango ya matumizi ya ardhi, Na. 7 ya usajili wa wataalamu wa mipangomiji na Na. 8 ya mipango miji. Kwa kuunda bodi ya usajili, sheria ya pili kati ya hizo ilithibitisha kwamba shahada, hata ikiwa ya uzamili, ni mwanzo tu wa kumfanya mtu kuwa mpangamiji.

Maendeleo ya kitaaluma, yaani ujuzi na mwenendo wa kikazi ambao msomi huupata sambamba na masomo yake, ndiyo yanayounganisha hatua hizo mbili, shahada na usajili. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kuuliza swali la utafiti, kukusanya takwimu na kuitetea tasnifu mbele ya watahini. Lakini halmashauri itakayomwajiri humtaka aandike taarifa fupi ambayo diwani ataielewa, asimamie mkutano wa wananchi wenye hasira kuhusu fidia, na ajue mahali kazi yake inapokoma na ya mpimaji ardhi au wakili inapoanza.

Dar es Salaam imeonyesha namna ujuzi wa aina hiyo unavyoweza kupatikana. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya mtaa wao, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo vikuu katika kata zinazokumbwa na mafuriko, wakiingiza njia, mifereji na majengo katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuisahihisha. Faida ya kazi hiyo ilizidi ramani yenyewe, kwa sababu aliyeuliza maji ya mvua hufika wapi alijibiwa na mkazi aliyewahi kuyaona yakiingia ndani, na hivyo alijifunza kuupima ushahidi wa kifaa kwa ushahidi wa mwenyeji.

Hata hivyo, jiji kubwa halifundishi kila kitu, na wilaya ya Kyela inalidhihirisha hilo. Katika kata ya Njisi, barabara kuu itokayo Uyole kupitia Tukuyu huishia mpakani Kasumulu, na ukivuka Mto Songwe unaingia Malawi. Mahali kama hapo, penye malori, wasafiri na wabadilishaji fedha, huvuta vibanda na nyumba za kulala wageni, huku migomba, kakao na mashamba ya mpunga vikiwa jirani. Mji unazaliwa juu ya ardhi ambayo bado inalisha watu, na pengine iko chini ya mamlaka ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Ugumu wa kuupanga mji kama huo huonekana wazi zaidi ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au mwambao wa ziwa, lakini katika uwanda wake wa chini Songwe hubadili mkondo, jambo lililozifanya Tanzania na Malawi kuunda mpango wa pamoja wa kulisimamia bonde hilo. Mwanafunzi aliyeshika futi ya kupimia atalazimika kuamua mita hizo zihesabiwe kutoka ukingo wa msimu upi. Uamuzi huo unahitaji kumbukumbu za maji, picha za satelaiti za miaka kadhaa, maelezo ya wazee wanaolima hapo, na ujasiri wa kumweleza mwenye nyumba kwamba alijenga kihalali mahali ambapo leo si salama tena.

Kwa sababu hiyo, mafunzo kwa vitendo yanastahili kupangwa pia katika halmashauri za pembezoni, kwa muda unaotosha kuona masika na kiangazi, na chini ya mpangamiji aliyesajiliwa mwenye uzoefu anayekagua daftari la kazi la mwanafunzi badala ya kusaini fomu tu. Vyuo vinaweza kumtaka kila mtahiniwa aambatanishe na tasnifu yake taarifa ya kurasa mbili kwa baraza la madiwani pamoja na maelezo ya Kiswahili kwa mkutano wa kijiji, na kuvipa alama kama sura nyingine za kazi yake. Halmashauri nayo ingenufaika kwa kupata takwimu na ramani ambazo bajeti yake isingezilipia. Na mhitimu angeingia kazini akiwa amekwisha kubishana na mwananchi, kusikilizwa na diwani na kurekebishwa na mpimaji, jambo ambalo watahini peke yao hawawezi kumpatia.