Injini Kigeugeu

Injini iliyokufa kabisa si taabu kubwa kwa fundi. Haiwaki asubuhi, haiwaki jioni, na kila aijaribupo huikuta katika hali ile ile. Basi huitafuta sababu mpaka aipate. Taabu ni ile injini iwakayo leo, ikakataa kesho, na kesho kutwa ikawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Fundi akiitwa, huwaka mbele yake mara moja, naye hurudi kwake akidhani kwamba nahodha amemsumbua bure.

Kwa gari jambo hili ni udhia tu, maana abiria hushuka wakalisukuma. Boti haisukumwi. Tuchukue mfano wa boti ya dizeli ivukayo baina ya Nyamisati, upande wa bara karibu na delta ya Rufiji, na Kilindoni katika kisiwa cha Mafia. Nahodha azima injini ili kuondoa kamba iliyojisokota katika rafadha. Kisha injini yakataa kuwaka. Upepo wa kusi wavuma, mkondo wavuta, na boti yachukuliwa kuelekea miambani pamoja na watu wote waliomo. Kwa hiyo nahodha mwangalifu, kama kina cha maji chamruhusu, hutia nanga kwanza ndipo azime injini.

Je, ugonjwa uendao na kurudi hutafutwaje? Kwanza kwa sikio. Ufunguo upindwapo, kukiwa kimya kabisa, umeme haufiki hata kwenye swichi ya stata. Ikisikika “ta!” moja tu, umeme mdogo wa kuvuta swichi umefika, lakini ule mkubwa wa kuzungusha mota haukupita. Ikilia “tatatata” upesi upesi, betri imechoka au njia ya umeme imezuiwa. Na ikiwa stata yaizungusha injini kwa nguvu, ila haiwaki, basi yafaa kutazama mafuta.

Zamani injini zilizungushwa kwa mkono, kwa chuma kilichopindwa, na chuma hicho kiliweza kurudi nyuma ghafula kikavunja mkono wa mtu. Mwaka 1912 magari ya Cadillac ya Marekani yalitolewa yakiwa na stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Mkono ulipumzika, lakini tangu hapo kuwaka kwa injini kumetegemea betri na nyaya zake.

Hapa ndipo watu wengi wapoteapo. Husema, “Betri na nyaya ni nzima, maana taa zinawaka.” Neno hili si hoja. Mrija uliozibwa nusu kwa tope waweza kujaza kikombe, walakini hauwezi kuzima nyumba inayoungua. Tufanye hesabu. Tuseme kutu iliyo chini ya kibano cha waya huzuia umeme kwa omu 0.01 tu. Taa itumiayo ampea 1 itapoteza volti 0.01 mahali hapo, yaani si kitu. Lakini stata ikivuta ampea 200, itapoteza volti 2 mahali pale pale. Betri ya volti 12, ambayo ikijaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, hushuka yenyewe ifanyapo kazi nzito namna hiyo. Ikinyang’anywa volti 2 nyingine njiani, stata haibakiwi na nguvu ya kutosha.

Kutu hiyo huletwa na hewa ya chumvi, ambayo hula shaba ikaifanya ya kijani, mara nyingi mahali pasipoonekana. Nayo hugeuka geuka kwa sababu boti hutikisika: leo kibano kimegusa betri mahali safi, kesho kimesogea kidogo tu. Ndiyo maana mtu akiigonga stata kwa nyundo pengine injini huwaka, naye hujisifu kuwa ameiponya. Hakuiponya. Ameisogeza tu, na mimi naona kipigo kile cha nyundo kimedanganya manahodha wengi kuliko uvivu.

Penye kipimo cha volti hapana haja ya kubahatisha. Ncha moja iwekwe juu ya kichwa cha betri chenyewe, na ya pili juu ya kibano kilichokishika, huku mwenzako akipinda ufunguo. Kipimo hakina budi kubaki karibu na sifuri. Kikipanda hata nusu volti, mwizi amekamatwa. Kisha hufuatwa kila kiungo mpaka kwenye stata, na vile vile waya wa upande hasi mpaka kwenye mwili wa injini, ambao husahauliwa mno. Kiungo kibovu hufunguliwa, hupigwa msasa mpaka ing’ae, hukazwa na kupakwa grisi. Waya hasi wa betri utangulie kufunguliwa, spana isije ikatoa cheche.

Kwa upande wa mafuta, adui ni hewa na maji. Ikiwa tangi li chini kuliko injini, kiungo kilicholegea huweza kuvuta hewa usiku kucha bila kuvuja hata tone. Asubuhi injini hukataa, na hewa ikishatolewa huwaka siku nzima. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hulala chini ya tangi kwa utulivu bandarini. Mawimbi huyakoroga, nayo huingia katika chujio huko huko baharini. Wala ufunguo usishikiliwe zaidi ya sekunde 10 hivi kwa mara moja, kwani katika boti nyingi maji ya kupoza humwagwa katika bomba la moshi, na injini isipowaka ya kuyasukuma nje, huweza kurudi ndani yake.

Katika kazi hii yote ligeuzwe jambo moja tu kwa wakati mmoja, na liandikwe daftarini pamoja na saa, na kama injini ilikuwa baridi au ya moto. Abadilishaye betri, stata na chujio kwa siku moja hatajua kamwe kilichokuwa kibovu. Tena kuwaka mara moja si ushahidi, maana hata ilipokuwa mgonjwa iliwaka. Na ijaribiwe mara kumi ikiwa baridi, tena baada ya mwendo wa saa moja, tena alfajiri ya pili, boti ingali imefungwa gatini.