Kompyuta Iliyoanzia Shambani

Ingia saiba yoyote hapa Kombani, njia panda ya Kwale mjini na Lunga Lunga, uwaulize vijana nani aliyebuni kompyuta hizi ndogo. Watakutajia Steve Jobs au Bill Gates. Wameanzia katikati ya hadithi.

Mwanzo wake ni mashine za kupigia hesabu. Mwaka 1969 kampuni ya Busicom ya Japani iliiomba Intel ya Marekani chipu kadhaa za mashine hizo, kila moja na kazi yake. Ted Hoff akaona heri chipu moja inayofuata maagizo: ukibadilisha maagizo, nayo inabadili kazi. Federico Faggin akaongoza uundaji, na Novemba 1971 ikaingia sokoni kwa jina la 4004, transista 2,300 ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha. Hiyo ndiyo maikroprosesa. Kabla yake, kazi hiyo ilijaza bodi nzima za vipuri, ndiyo maana kompyuta ilibaki mali ya serikali, benki na vyuo vikuu.

Ila chipu pekee haijawa kompyuta. Yataka kumbukumbu, na njia ya kuingiza data na kutoa majibu. Mfaransa François Gernelle, wa kampuni ndogo ya R2E, aliyaunganisha hayo kwa ajili ya INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyotaka kupima maji yanayopotea shambani kupitia udongo na majani. Fedha za INRA hazikutosha kununua PDP-8, kompyuta iliyokuwa ikitumika siku hizo. Gernelle akachukua chipu ya Intel 8008, na mwaka 1973 kompyuta yake, Micral N, ikauzwa kwa faranga 8,500, takriban moja ya tano ya bei ya PDP-8. Haikuja na kibodi wala skrini.

Altair 8800 ya Marekani, inayosifiwa kupita kiasi, ilitangazwa jaridani Januari 1975, mnunuzi akijiungia vipande mwenyewe. Sifa yake ni kueneza, si kutangulia. Apple II ikaja 1977, IBM PC 1981.

Kwetu Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, miongoni mwa ofisi za serikali zilizotangulia kutumia kompyuta hizi ndogo, kwa kufuatilia bajeti, ilikuwa Wizara ya Kilimo. Kilimo tena!

Gernelle mwenyewe aligombea heshima ya kuibuni Micral hadi mahakamani, akaipata mwaka 1998. Walimu wa kompyuta wa hapa Matuga, jina lake liandikeni ubaoni kabla ya la Jobs.