Mkonga Umefika, Maarifa Yamekaa Wapi? Kampuni, Vyuo na Uvumbuzi Mombasa

Mnamo Juni 2009, mkonga wa mawasiliano uitwao TEAMS uliwasili Mombasa ukitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ukiwa umelazwa chini ya bahari. Kwa mkaazi wa Mji wa Kale njia hiyo si ngeni. Ndiyo waliyoifuata manahodha wa majahazi msimu wa kaskazi, wakileta tende na mazulia, na kurejea na boriti za mikoko kwa upepo wa kusi. Mwezi uliofuata ukaja mkonga wa SEACOM. Mlango wa intaneti ya kasi, basi, ulifunguliwa kwetu pwani. Lakini kampuni na maabara zilizonufaika kwanza zilikuwa Nairobi. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini ikawa hivyo.

Uvumbuzi haufuati nyaya. Hufuata watu wenye ujuzi, na mteja mkubwa aliye tayari kujaribu kitu kipya. Kampuni kubwa ina wateja tele na fedha za kustahimili hasara. Chuo kikuu nacho hutoa wataalamu na, jambo ambalo aghalabu husahauliwa, hutoa mahali pa kukosea bila kufilisika.

Tuchukue M-Pesa. Majaribio yake yalianza mwaka 2005, kwa fedha za Vodafone na za serikali ya Uingereza, na lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo kwa simu. Wakopaji wenyewe wakaanza kutumiana pesa. Safaricom ikaisoma ishara hiyo, na Machi 2007 ikauzindua mfumo kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Fundi wa simu wa Mji wa Kale, hata kama wazo hilo angelipata yeye kwanza, asingeweza kuweka mawakala nchi nzima.

Ukubwa huo, hata hivyo, una sura ya pili. Kampuni ikishakuwa njia kuu, wengine wote hupita kwa idhini yake. Mwaka 2017 Safaricom iliwafungulia watengenezaji programu mlango rasmi wa kuunganisha kazi zao na M-Pesa, ikauita Daraja. Jina zuri, ila daraja lenye mwenyewe laweza pia kutozwa ushuru.

Huko Nairobi vyuo navyo viliisogelea sekta hiyo. Chuo Kikuu cha Strathmore kilianzisha kituo cha iLabAfrica mwaka 2011, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata na C4DLab. Mwanafunzi wa huko hupanda matatu kwenda kuonyesha kazi yake katika makao makuu ya kampuni. Wa Mombasa hupanda basi usiku kucha.

Si kwamba Mombasa haikuwa na chuo. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, MIOME, iliasisiwa mwaka 1948 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ili kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya watu wote. Tangu 2013 ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Kilichokosekana ni mwenzi wa kukipa kazi. Mwenzi huyo yupo kisiwani: Halmashauri ya Bandari. Foleni za malori, hati za forodha, ukaguzi wa makontena, kila moja ya taabu hizi ingefaa kuwa mtihani wa wanafunzi wa Tudor kabla ya kununuliwa mfumo wa ng'ambo.

Na sisi wa Kiswahili? Tangu 2016, jirani na Ngome ya Yesu, kituo cha Swahilipot Hub kimewakutanisha vijana wa programu na wasanii. Neno “pesa” lenyewe lililetwa na biashara ya Bahari Hindi kutoka Bara Hindi, na “daraja” lina asili ya Kiarabu. Kampuni zimeitambua thamani ya maneno haya. Idara zetu, nizijuazo mimi, bado hazijakaa na wenzao wa kompyuta kuandika hata ukurasa mmoja wa maelekezo ambao mama muuza mahamri wa Mji wa Kale ataweza kuusoma katika simu yake.